Nakala Yangu Uliyobaki Nayo

Mdogo wangu Mwajuma,

Nakuonea wivu. Nalisema kabla hata ya salamu, maana nikilificha utalinusa hukohuko ughaibuni uliko masomoni.

Unakumbuka tulivyozunguka kijiji cha Masanze na madaftari, tukiwauliza wakulima tembo wa Mikumi wanaingiaje mashambani? Mkulima mmoja, Mama Salehe, alituonyesha kamba za uzio wake alizozipaka pilipili na oili chafu ili tembo wasisogee, tukala mihogo yake mpaka tukaona aibu. Wakati wa kuaga tukamwahidi: "Tukishaandika, utaona."

Kila mmoja akaandika makala yake. Yangu ilichukuliwa na jarida kubwa la nje. Nikasaini mkataba wa kuwaachia haki bila kuusoma, nikatembea Kilosa nzima kifua mbele. Wewe yako ukaiweka kwenye hifadhi ya mtandaoni ya chuo, yeyote aisome bure, na muhtasari wa Kiswahili juu. Nikakucheka. "Vya bure vinasomwa na wasio na kazi," nilikuambia. Ukajibu tu, "Sawa, kaka."

Juzi nimepita Masanze. Mwalimu wa shule ameichapisha makala yako steshenari pale Mikumi. Imekunjwakunjwa, ina madoa ya mafuta, watu wanaibishania. Jina lako wanalitaja kana kwamba ulizaliwa pale! Roho iliniuma, Mwajuma, sikufichi.

Nikamwamkia Mama Salehe. "Marahaba, mwanangu. Na ya kwako iko wapi?" Nikatoa simu kwa mbwembwe. Ukurasa wa jarida ukanitaka nilipie kwanza ndipo niisome. Mimi, mwandishi mwenyewe! Mama Salehe akanikaribisha mihogo. Safari hii nikaaga bila kuigusa.

Niliporudi nyumbani ndipo nikausoma ule mkataba, kwa mara ya kwanza. Kumbe wanaruhusu! Lile andiko langu la mwisho walilolikubali, kabla hawajalipanga kwenye kurasa za jarida, naweza kuliweka kwenye hifadhi ya chuo. Ila kompyuta yangu ilikufa nalo. Nakala pekee iliyobaki ni ile niliyokutumia kwa barua pepe, pamoja na yale majivuno yangu: "Soma uone wakubwa wanavyoandika."

Najua unayo, wewe hutupi kitu. Wivu bado ninao, na najua utacheka mpaka majirani wakusikie. Cheka weee, ukimaliza nitumie. Mama Salehe ananisubiri.

Kaka yako mkubwa, kwa kuzaliwa tu.