Neno Lililomliza Mama

Kalemie, tarehe 9 Machi 2025

Mpendwa Yaya Arlette, dada yangu mkubwa,

Habari za Winnipeg? Baridi imepungua? Binti yako Emmanuella anaendeleaje na masomo? Huku tuko wazima. Mkono ambao Mama aliuvunja alipoteleza akianua samaki wake wa ndagala unapona vizuri; daktari ameshaitoa plasta.

Uliniuliza kwa nini Mama alikaa majuma mawili bila kupokea simu yako. Sikuweza kukujibu akiwa karibu. Hakuwa mgonjwa, Yaya. Alikuwa na hasira.

Emmanuella alimwandikia kadi ya pole kwa Kiingereza, inaanza hivi: "Poor Bibi!" Jirani yetu Blanchard akalitafuta neno kwenye simu yake, akasoma kwa sauti: "Bibi fukara!"

Mama akang'aka, "Fukara? Miye niliyewasomesha wote sita kwa ndagala? Njo vile Arlette anamufundisha mutoto?" Kisha akalia. Sikuwa nimemwona akilia tangu tumzike Papa.

Nilimwendea Papa Symphorien, mwalimu wa Kiingereza, naye akaja mwenyewe nyumbani. Akamweleza Mama kwamba asiye na mali huitwa "poor", udongo usiozaa vilevile, hata macho yasiyoona vizuri. Lakini neno hilo likitangulia jina la mtu aliyepatwa na jambo, ni huruma tu.

Mama hakukubali. Mwalimu akamuuliza, "Mama Bertille, mutoto wa tajiri akianguka hapa mbele yako, utasema nini?"

"Nitasema, maskini, mutoto wa watu!"

"Na baba yake ana magari matatu. Umemutukana?"

Mama akafunika uso kwa kitenge, mabega yakitikisika. Nilidhani analia tena, kumbe anacheka. "Maskini mujukuu wangu," akasema. "Alinihurumia, na miye nikamununia."

Blanchard alikuja kuomba radhi. Mama alimpakulia bukari na ndagala hadi akashindwa kuinuka.

Ndiyo maana Jumapili ile Mama alipokupigia alimtaka Emmanuella kwanza. Sikusikia mtoto alisema nini kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Nilimwona Mama tu, amebana simu sikioni kwa mikono miwili, akirudia, "Eeh, mama yangu. Eeh." Tafadhali usimwambie mtoto kwamba alikasirikiwa.

Msalimie sana shemeji Willy. Mwanangu Jordan anawasalimu nyote. Mungu aipe nyumba yenu joto na amani.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye daima,

Emerance