Keki ya Jamu kwa Jaji Pennick

Kwako Bi Imogene wa gazeti letu,

Nakusalimu sana, na mume wangu Hobert anakusalimu, mgongo wake umepata nafuu, na binti yangu Tressie anakusalimu, na mama mkwe wangu Bi Ova wa chumba cha nyuma anakusalimu ingawa hasikii vizuri, na wajukuu wangu pacha, Kaylin na Josie, wangekusalimu kama wangekuwepo, na ndio hao walionishikisha kalamu.

Nisaidie kabla sijaharibu. Mwezi wa tatu Jaji Pennick alimpa Travis, baba yao, watoto hao, aende nao Indiana, bila kumsikiliza mwalimu wao aliyekaa nje kwenye benchi tangu asubuhi, na Tressie alipotaka kukata rufaa mimi ndiye niliyemkataza, nikamwambia huku kwetu majaji huchaguliwa, na huyu tumempigia kura wenyewe, bango lake la kampeni lilisimama mbele ya nyumba yetu, leo tukamsemee kwa wakubwa wake, kanisani tutamtazama vipi, basi mtoto hakunisikia, Mungu ashukuriwe, maana jana wakili kapiga simu kwamba majaji watatu wa rufaa wametengua uamuzi, nikakaa sakafuni jikoni nikalia kwa furaha na unga mikononi.

Lakini kesi wameirudisha kwa Jaji Pennick huyo huyo. Travis akanipigia akicheka: "Mama, mmezunguka Kentucky nzima, mmerudi mlangoni kwa yule yule."

Sasa nimeoka keki ya jamu, ile anayoigombania jaji kwenye mnada wa kanisa, nataka nimpelekee nyumbani nimwombe radhi. Hobert anasema nitulie. Nijibu upesi, keki hii huvumilia wiki nzima, roho yangu haivumilii.

Verlene Stidham

Bi Verlene,

Pole, na hongera, na hiyo keki iweke chini.

Rufaa si kumsemea mtu kwa wakubwa wake. Ni kuomba macho mengine yasome yaliyoandikwa. Wale watatu hawakumwona Tressie wala shahidi yeyote. Walisoma makaratasi, wakaona mwalimu aliachwa kwenye benchi. Kazi ya kusikiliza mashahidi ni ya mahakama ya hapo kwenu, ndiyo maana kesi imerudi, na safari hii Pennick atafanya alichoagizwa, apende asipende. Travis anaweza kwenda kuiomba mahakama ya juu kabisa kule Frankfort, lakini wale huchagua kesi za kusikiliza, na nyingi huzikataa. Mwache acheke.

Ila wewe, mama! Keki kwa jaji mwenye kesi yenu mezani? Wakili wa Travis angeitangaza mahakamani kipande kwa kipande. Na ulitaka mwanao aache haki yake kwa ajili ya bango. Siku za kukata rufaa ni thelathini tu. Angekutii, leo ungelia kilio kingine. Wa kuombwa radhi ni yeye.

Tressie amuulize wakili tarehe, na kama mwalimu bado yuko tayari kuja kusema. Ukikutana na Pennick kanisani, mwamkie, imba, nenda nyumbani.

Keki ikateni leo. Mwalimu naye usimpelekee, ni shahidi. Kipande cha kwanza ni cha Tressie, mtoto asiyesikia.