Nguruwe wa Maman Antoinette

Nkanka, 8 Februari 2004

Mwanangu Ndizeye,

Salamu zikufikie huko kwenye baridi. Unakula? Unavaa soksi? Mimi mzima, mgongo tu unanisumbua.

Unamkumbuka nguruwe jike ambaye Maman Antoinette alivuka naye daraja la mpakani kutoka Bukavu wiki uliyosafiri, eti uwanja wangu usinyamaze? Amezaa. Lakini watoto wake wanachunika. Yalianza madoa nyuma ya masikio, sasa mwili mzima unatoka utomvu mweusi unaonuka, na ngozi inabanduka. Wawili wamekufa. Kati ya watoto hao jike amebaki mmoja tu, na mapatano unayajua: jike wa kwanza anarudi kwa Antoinette, na wewe uliyelelewa kwake ndiye wa kumpeleka. Ninawapaka mawese asubuhi na jioni, kama nilivyokupaka wewe ulipokuwa na upele.

Nimeweka gamba la ngozi humu ndani. Si unasomea magonjwa ya wanyama? Tazama.

Maman yako,
Mukandori

Ghent, 2 Machi 2004

Maman mpenzi,

Shikamoo, na pole ya mgongo. Mimi mzima, soksi ninavaa mbilimbili.

Barua yako ilinuka hadi profesa akanigombeza mbele ya wenzangu: gamba la ugonjwa halitumwi kwa bahasha! Kisha yeye ndiye akawa wa kwanza kulitaka. Tumeotesha bakteria waliokuwemo. Aina hiyo hukaa kwenye ngozi ya nguruwe wengi bila matata. Bakteria wa kwako wana jeni, yaani agizo wanalozaliwa nalo, la kutengeneza sumu. Sumu hiyo inaachanisha ngozi ya juu na ya chini.

Acha mawese, Maman, yanafungia uchafu ndani. Waogeshe kwa sabuni ya dawa, uwakaushe, na mganga wa mifugo awachome sindano. Awakate meno pia, maana wanaumana wakigombea ziwa la mama yao, na vidonda ndiyo milango.

Ndani ya bahasha kulikuwa na udongo wetu kidogo. Sikuutupa. Julai nitakuja, nimpeleke yule jike mwenyewe.

Mwanao,
Ndizeye

Nkanka, 25 Aprili 2004

Mwanangu,

Habari ya masomo? Huku mvua tu, na mimi sijambo.

Mganga wa mifugo, Sibomana, alikuja na moto, pikipiki ya abiria, kutoka Kamembe. Majirani wamecheka vya kutosha: “Mukandori anaogesha nguruwe sawa mutoto wa batizo!” Wacheke. Jike wetu amepona, masikio tu yamebaki na makovu. Antoinette ameshamjengea kibanda. Kila nikimlisha namwambia jina lako, asikushangae utakapofika.

Maman yako

Ghent, 14 Juni 2004

Maman,

Uko salama? Nimesikia redioni kuna vita Bukavu na daraja limefungwa. Simu ya Maman Antoinette hailii. Niambie tu kama yu hai.

Na hili naliandika kwa aibu: Julai siji. Profesa anataka tutafute jeni ile katika nguruwe wa nchi nyingine, na kazi amenipa mimi. Gamba ulilonitumia ndilo lililonifungia huku. Nimekukosa sana, Maman. Sijui nikwambie vipi tena.

Mwanao

Nkanka, 29 Agosti 2004

Mwanangu Ndizeye,

Nimechelewa kujibu. Nilikasirika, sitakuficha.

Antoinette yu hai. Alivuka Juni na kitenge kimoja na sufuria, nyumba yake imeporwa. Analala katika chumba chako. Siku aliyofika nilimkabidhi kamba ya nguruwe, nikamwambia, “Chukua yako, ndugu yangu, uanze upya.” Alimshika yule jike masikio yenye makovu, akalia. Kisha akanirudishia kamba. “Siwezi kuipokea mu mukono yako,” akasema. “Mutoto mwenyewe ailete.”

Nimembembeleza, hataki. Basi tunamlisha pamoja mnyama ambaye si wangu na si wake, wazee wawili tukikusikiliza njiani.

Mambo ya sumu nimeyaelewa, usiniandikie tena. Kamba iko kwenye msumari nyuma ya mlango wako. Njoo uishike.

Maman zako,
Mukandori na Antoinette