Debe Ndani ya Lundo la Samadi

Tata,

Baba yangu, lile lundo lako la samadi bado lipo nyuma ya zizi, ingawa nusura liondoke. Kamala alikuja kutoka Muleba kutusaidia shambani, akasema mvua imekaribia na Bwana Shamba ameshaagiza, samadi yote imwagwe kwenye migomba. Yote! Nikamwambia, wewe mdogo wangu, hebu weka jembe chini kwanza, humo ndani mna maji ya kuoga ya mama.

Akacheka. Hata wewe ulichekwa. Hapa Kibeta walikuita mzee anayepika maji kwa mavi ya ng'ombe, nawe ukiwajibu, "Njooni mguse." Jioni ulifukia debe la maji, limefunikwa vizuri, katikati ya samadi na majani yanayooza. Asubuhi ulilitoa lina uvuguvugu wake. Halafu yale mashindano yako: debe hilo kwenye mafiga, debe la maji ya kisimani kwenye mafiga mengine, vijiti vya mbuni sawa kwa sawa. Lako linatoa mvuke, jingine halina hata habari ya moto! Vijiti vikabaki, nawe ukapiga vigelegele, mwanaume mzima.

Kisha ulimwita mama, maana kipimo chako kilikuwa kiwiko chake, kile kile alichotupimia maji tulipokuwa wachanga. "Mama Koku, yamefika?" Anachovya, anakunja uso kwa sababu ya samadi tu, anasema, "Bado." Kila siku bado. Nawe unaongeza vijiti, akiba yako yote inaungua. Mimi nilikasirika kwa ajili yako. Wewe ulisema tu, "Siku moja atasema."

Tangu utuache, maumivu ya magoti ya mama yamezidi. Bila maji ya moto asubuhi hasimami, na kuni za kutosha debe zima la maji baridi nani ataziokota? Ndiyo maana nimekuwa nikifukia debe kila jioni, kama wewe.

Jana nikamwambia Kamala tusibishane, mama mwenyewe aamue. Tukalitoa debe, tukaliweka mafigani kwa vijiti vichache tu, nikamwita. Alikuja na mkongojo wake, akachovya kiwiko. Kiwiko kikakaa majini mpaka nikaogopa. Kisha akasema polepole, "Yamefika." Akageuka kutazama pale mlangoni pa zizi, ulipokuwa ukisimama kumsubiri ajibu.

Nililia, Tata. Kwa nini hukuwepo? Kamala naye akaweka jembe chini.

Tumekubaliana nusu iende migombani, nusu ibaki. Nakuahidi nitaongeza samadi mpya ili lundo lisipoe, na mama hatakosa maji. Pumzika, Tata, debe la leo nimeshalifukia. Na siku mama atakaposema tena "bado", nitajua anakutania.

Mwanao,
Koku