Kifuniko cha Fimbo ya Nyuma

Kaka yangu,

Huku hatujambo. Cherehani imepona, ila paka bado analala juu ya nguo za wateja, na anayegombezwa ni mimi.

Baba naye hataki kuachana na ile ndege ndogo ya viti viwili. Rubani siku hizi ni mwanafunzi wake wa zamani. Yeye hukaa mbele, Baba nyuma. Safari iliyopita, wakiwa angani, Baba aliikamata fimbo ya kuongozea iliyo mbele ya kiti chake, akifoka kwamba mwanafunzi anakosea. Waliponea chupuchupu. Rubani hakumlaumu, ila aliniambia, "Dada, ishonee fimbo ile kifuniko kigumu asiweze kuishika, la sivyo mzee hapandi tena."

Nikakishona kwa turubai, ndani nikatia plastiki ngumu. Baba akaja mezani, akakigeuzageuza, akatikisa kichwa.

"Hapa pamebana, mwanangu. Fimbo ikivutwa itagusa. Ipe nafasi icheze."

Hakukosea hata chembe! Nikafumua, nikapanua. Ungemsikia, kaka, ungeapa kwamba mzee hajaanza kusahau.

Kisha akauliza, "Abiria gani huyo msumbufu?"

Nikajifanya natafuta mkasi, kumbe ninao mkononi.

Akautazama ule mkasi, akanitazama na mimi, kisha akaniwekea mkono begani.

"Kaza mishono," akasema. "Mikono yangu bado ina nguvu."

Njoo, kaka. Usingoje likizo.

Mdogo wako