Kitaa Chekundu, Kitaa cha Kijani

Embakasi, Nairobi
Agosti 1972

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu zako, na kwamba goti la mama limepoa tangu mvua zikatike. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku hainiachi nisahau kwetu Myamba.

Uliniuliza ndege inajuaje njia mawinguni. Nami niliuliza hivyo hivyo nilipofika hapa kwenye shirika letu la ndege la Afrika Mashariki. Rubani mmoja, Mzee Reginald, alicheka sana, kisha akanipandisha ndegeni mpaka kwenye kiti chake. Baba, vipimo vimejaa pale mbele kama mbegu ndani ya papai! Akanieleza kwamba huko juu hufuata sauti za redio zinazotoka ardhini. Kesho yake akairusha ndege hiyo hiyo kwenda Bombay, nami nikabaki nimeikodolea macho mpaka ikapotea.

Sasa nikuambie lililo moyoni. Kabla ya kupelekwa kusomea urubani, sisi vijana tulioomba tulipimwa. Hesabu nilishinda, masikio na moyo pia. Kisha daktari akafunga mapazia, akawasha vitaa viwili, akataka nimwonyeshe chekundu. Nikabahatisha. Akarudia, nikakosa tena. Akaniambia kwa upole, “Kijana, unaona mbali, lakini macho yako hayatofautishi nyekundu na kijani. Umezaliwa hivyo.”

Kumbe ndiyo sababu nilikuwa nachuma kahawa mbichi ya kijani nikidhani imeiva! Wewe uliniona mvivu, ukanichapa, na hata mimi niliamini ni uvivu.

Baba, sitakuwa rubani. Najua kijiji kizima kimeshaniita hivyo, na kanisani niliombewa. Nililia. Mzee Reginald ndiye aliyenitoa chumbani akanipeleka kwa wapanga mizigo. Hao hupima kila kitu na kukigawa mbele na nyuma, ndege isije ikaelemea upande wa mkia. Niliwauliza maswali mpaka wakaniambia basi, kaa hapa ufanye kazi. Nimekaa, na ninaipenda kazi hii.

Watakaouliza, waambie ukweli bila kuona haya. Tena mama aliniandikia kwamba mdogo wangu Method naye anachanganya kahawa mbichi na mbivu. Tafadhali baba, usimchape.

Wasalimie shangazi Asnath na wenzetu wote wa shamba la ujamaa. Mungu awalinde.

Mimi mwanao,
Nathanaeli