Mahindi ya Babu Halvor

Dada Joleen,

Hapana, Babu Halvor hakuvuna Jumapili, ingawa dhoruba iliyotangazwa ingelaza mahindi yote. Curtis, mume wangu mpenzi, alimsihi sana. Babu yake akamjibu, "Tangu nizaliwe sijavuna siku ya Bwana. Nianze leo, na uzee huu?" Tukaenda kanisani.

Jumatatu alfajiri majirani wakaja na mashine zao za kuvuna. Babu akamtania mmoja wao, Gerald, "Kumbe hata nyinyi Wakatoliki mnaamka mapema?"

"Tumekuja kuwafundisha Walutheri kazi, mzee."

Mstari wa mwisho walimwachia Babu. Alipoumaliza, mvua ikaanza. Curtis akanibusu mbele ya wote, nami nikalia kwa furaha.

Mwezi huu hautaisha kabla hatujafika kwako, na Babu tutamleta.

Mdogo wako,
Kendra